Mkono wa Kulia wa Zabron

Mtu akitaka kujua habari za Zabron aje aniulize mimi. Asiwaulize wale vijana wa kijiwe cha bodaboda hapa Ruhembe, maana watamwambia Zabron alijikata makusudi ili apumzike kukata miwa. Waongo wakubwa! Mimi ni mama yake mdogo, mdogo wake Debora aliyemzaa, na mimi ndiye niliyempokea aliposhuka kutoka Vidunda na begi moja na gitaa lenye nyuzi nne badala ya sita. Naitwa Bibiana. Nashona nguo, nafundisha kwaya ya kanisa letu, na nina mdomo. Huo mdomo ndio uliotufikisha hapa, na nitasema kila kitu, simpaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Zabron alizaliwa huko huko Vidunda, kwenye mashamba ya mteremko ambako ukidondosha boga unalifuata mpaka kwa jirani. Baba yake alikufa yeye akiwa darasa la tano. Gitaa alijifunza kanisani, gitaa la mbao, halina umeme wala spika. Sasa fikiria mwenyewe: kwaya ya watu arobaini, watu wa milimani wenye mapafu yao, wanaimba kwa sauti zote, na mtoto na kagitaa kake anataka asikike. Afanyeje? Anapiga kwa nguvu. Anabana meno, anakaza mkono kuanzia begani, anazichapa nyuzi kana kwamba zimemkosea. Kila wiki uzi mmoja unakatika. Nasi watu wazima tulikuwa tunasema, "Mtoto huyu ana mkono!" Kumbe tulikuwa tunasifia ugonjwa.

Alipofika miaka ishirini na mbili akashuka kuja kukata miwa. Panga la miwa hulishiki kwa adabu. Unalikaba, unainama, unaupiga muwa chini kabisa kwenye shina, unainuka, unakata kilele, unatupa pembeni, unainama tena. Kutwa nzima. Masizi ya shamba lililochomwa yanaingia mpaka masikioni. Misimu kumi na moja Zabron alifanya hivyo kwa mkono wa kulia. Jioni anaoga, anakula, anachukua gitaa, na mkono ule ule uliokaba panga kutwa anaupa kile kipande kidogo cha plastiki cha kupigia nyuzi, ambacho alikuwa anakikata mwenyewe kutoka kwenye ndoo zilizopasuka. Mkono haukujua tofauti. Nacho ulikikaba.

Ni mtu mkimya. Ukimsalimia anajibu, ukimwuliza habari za watoto anasema wazima, basi, hapo mazungumzo yameisha. Lakini mpe gitaa uone. Mke wake Magreti, binti wa huku huku bondeni, aliniambia kwamba miezi mitatu ya mwanzo ya uchumba hakumbuki kama Zabron alimwambia neno lolote la maana, alimpigia tu. Na akakubali kuolewa! Nilimwambia, wewe binti ulidanganywa na nyuzi sita.

Kwaya yetu ina magitaa matatu ya umeme, besi, rithimu na solo, na solo ni Zabron. Kwa asiyejua: wimbo wa kwaya zetu una maneno, halafu maneno yakiisha inaingia sebene. Hapo waimbaji wananyamaza, gitaa la solo linakwenda mbio peke yake juu ya yale mengine, na kanisa zima linasimama kucheza, hata wazee wenye fimbo. Sebene fupi ni dakika tatu. Nzuri ni dakika sita, saba. Wimbo wenye sebene mbovu hakuna anayeuomba tena, hata maneno yake yawe yametoka mbinguni.

Sasa, Jumatatu ya Pasaka mwaka juzi tulialikwa Mikumi, kwaya tano pamoja. Tukaimba vizuri, nilikuwa nimewanyoosha. Maneno yakaisha, Zabron akaingia. Dakika ya kwanza, watu wakasimama. Ya pili, akina mama wakaanza kupunga vitenge. Ya tatu nikaona bega lake limepanda karibu na sikio, na shingo imetoka mishipa. Nikajua kuna jambo. Sauti za gitaa zikaanza kuchelewa, moja inaingia, nyingine haiingii, halafu kile kipande kikamdondoka. Akajaribu kwa ukucha. Halafu akaacha kabisa, akabaki ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, huku besi na rithimu wakiendelea na watu wakiendelea kucheza kwa kuona haya. Mpiga solo wa kwaya moja ya pale akacheka, nilimwona kwa macho yangu mawili, na meno yake nikayahesabu.

Kwenye gari la kurudi nikakaa naye.

"Umefanyaje wewe?"

"Mama mdogo, shika hapa." Akanipa mkono. Kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kifundo ulikuwa mgumu, hauingii kidole. "Unaanza kuuma, halafu unawaka moto, halafu siuhisi tena. Nikiongeza mwendo unageuka mti."

"Tangu lini?"

"Miaka. Nilikuwa nauficha."

Jamani! Miaka mtu anaficha mkono, na mimi ndiye mwalimu wake, nakaa naye mazoezi mara mbili kwa wiki. Niliona aibu yangu mwenyewe, nikaigeuza hasira, nikamgombeza njia nzima mpaka tunafika. Ndivyo nilivyo.

Wiki ile ile mwenyekiti wa kwaya, Danieli, akaitisha kikao. Danieli si mtu mbaya, ila anapenda mambo yaende. Akasema tumeshapata nafasi studio Kilosa, Jumamosi ya pili ya Septemba, tunarekodi nyimbo nane, na studio haimsubiri mtu mkono wake ulainike. Akasema kuna kijana huko Kilosa ana kinanda, sebene zote zimo ndani ya mashine, unabonyeza tu inakwenda mpaka uiambie acha. Wengine wakatingisha vichwa kukubali. Na wapo waliosema Zabron karogwa na yule solo wa Mikumi aliyecheka. Nikasimama. Nikawaambia anayetaka waganga akawatafute, ila huyu hajarogwa na mtu, huyu amechoka. "Mpeni mpaka Septemba. Akishindwa, leteni hicho kinanda chenu na mimi nitawafundisha kuimba nacho."

Wakakubali. Nje, chini ya upenu wa kanisa, Zabron akanisubiri. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kama siku ile.

"Mama mdogo, mimi wakiniondoa kwenye solo nabaki mkata miwa. Nyumbani nikienda, Vidunda, hawaniulizi nimekata mistari mingapi. Wananiuliza kama bado napiga. Mama naye ananiuliza hivyo hivyo. Sina kitu kingine."

"Basi tutaurudisha mkono," nikasema. Kana kwamba mkono ni nguo, utaurekebisha kwa kufumua na kushona upya.

Yeye alianza kwa ujinga wa wanaume: akaongeza mazoezi. Alfajiri kabla ya kibarua cha palizi, jioni baada ya palizi, mbio mbio, anapiga mpaka anatoa machozi. Baada ya wiki mbili hakuweza kufunga kifungo cha shati. Magreti akaja kwangu akilia. Nikaenda, nikamnyang'anya gitaa, nikamwambia kuanzia kesho unakuja kupigia dukani kwangu, kwenye cherehani, ninakuona.

Sikujua nitamfundisha nini, kusema kweli. Mimi gitaa sipigi. Lakini najua mikono. Miaka thelathini na moja nakata vitambaa, na mkasi wa fundi ni mzito. Fundi anayejifunza anaukaba, anakata sare tano, mkono umekufa, anakaa chini. Mwalimu wangu wa ushonaji alikuwa ananifinya hapa juu ya kiwiko kila akipita, akikuta pagumu anasema, "Mkasi unajikata wenyewe, wewe uubebe tu." Basi nikafanya vivyo hivyo. Zabron anapiga, mimi napita na kumfinya. Pagumu, nasema acha. Anaacha, anautikisa mkono mpaka unaning'inia, anaanza tena.

Na kasi nikamhesabia kwa pedali. Natoa uzi kwenye cherehani, naikanyaga polepole, tak, tak, tak, yeye anapiga uzi mmoja kwa kila tak. "Polepole ndio mwendo," namtania, "na haraka haraka haina baraka, hasa kwenye sebene." Anacheka kidogo. Wateja wakipita wanatushangaa: mama anashona hewa, na baba mzima anapiga ting ting ting kama mtoto wa Sunday school. Nikagundua anabana meno. Nikampa punje ya mahindi aiweke katikati ya meno, akiitafuna tu tunaanza upya. Siku ya kwanza alizitafuna punje kumi na nne.

Jambo la pili lilikuwa nguvu. Nilimwuliza, "Spika ipo?" Ipo. "Umeme upo?" Upo. "Sasa unapigana nini na hizo nyuzi?" Alikuwa bado anapigana na ile kwaya ya watu arobaini wa Vidunda, mtu mwenye miaka thelathini na tatu. Nikamwambia apandishe sauti kwenye spika, ashushe mkono. Kile kipande kiguse uzi kwa ncha tu. Akishike hivi kwamba mimi nikikivuta kwa vidole viwili kinatoka bila ubishi. Mwanzoni kilimdondoka kila mara, akawa anakitafuta chini ya meza kwenye vipande vya vitambaa huku akisonya. Halafu kikaacha kudondoka. Mbio nazo tukazigawa: mapigo nane ya haraka, pumzika, mapigo nane, pumzika. Kisha kumi na sita. Mimi naongeza mguu kwenye pedali kidogo kidogo, naye asijue.

Mwezi wa Juni Jumapili moja akapiga dakika nne, nikamfinya, laini. Nilipiga kigelegele peke yangu mle dukani.

Lakini mazoea yana taabu. Msimu wa miwa ulikuwa umeanza. Jumapili mkono ni wake, Jumatatu panga linauchukua, Jumatano ukija dukani ni ule ule mti. Tunaulainisha Jumamosi nzima, Jumatatu unaharibika. Tulikuwa tunafua nguo na kuianika matopeni. Kuacha kukata hawezi, watoto wawili na Magreti wanakula wapi? Julai ikaingia tukiwa pale pale, na Danieli anapita dukani na kuniuliza kwa upole, upole ule wa mtu aliyekwisha kuamua.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu.

Mimi nilizaliwa mtu wa mkono wa kushoto. Shuleni, darasa la kwanza, mwalimu alinifunga huo mkono wa kushoto nyuma kwa leso, nikaandika kwa wa kulia kwa fimbo na machozi. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa naandika vizuri kuliko wenzangu. Leo nakata kwa huu, nasukuma kitambaa kwa huu, sijali. Mwalimu yule nilimchukia mpaka alipozikwa, lakini kichwani mwangu kulibaki jambo moja: mkono unahamishika. Nikalisema.

"Zabron, panga hamishia kushoto."

"Nini?"

"Kata kwa kushoto. Wa kulia ushike muwa tu, upumzike. Mimi nilihamishwa nina miaka saba, nipo hapa, sikufa."

Magreti alikuwepo, amekuja na mtoto mgongoni. Akasema, "Mama, samaki mkunje angali mbichi. Wewe ulikuwa na miaka saba. Huyu ana thelathini na tatu." Akasema kwa heshima, macho chini. Nikamjibu kwamba asimkatishe mume wake tamaa. Nilimjibu hivyo, mbele ya mume wake, na akanyamaza, kwa sababu mimi ni mkwe na ni mwalimu na nina mdomo.

Jumatatu Zabron akahamisha panga.

Wenzake walimcheka, msimamizi akamwuliza kama amelewa. Anapiga muwa mara tatu mahali pa mara moja. Akawa wa mwisho kila siku, anatoka shambani wenzake wameshaoga. Bega la kushoto likavimba. Lakini mkono wa kulia, jamani, mkono wa kulia ukafunguka! Wiki ya kwanza, wiki ya pili, nikimfinya napita kama kwenye unga uliokandwa. Alikuwa anakuja dukani jioni amechoka mwili mzima isipokuwa huo. Anakaa, anaupandisha juu ya gitaa, unakwenda. Hata uso wake ulibadilika. Alianza kuzungumza! Siku moja aliniuliza habari za ujana wangu, nikashtuka nikajichoma sindano.

Agosti, Sikukuu ya Mavuno, kanisani kwetu. Watu wameleta mahindi, ndizi, kuku, miwa imeegemezwa madhabahuni. Tukaimba, maneno yakaisha. Zabron akaingia mabega yakiwa chini, mdomo uko wazi kidogo, mtu angesema amesahau yuko wapi. Dakika ya tatu ikapita. Ya tano. Mchungaji mwenyewe akatoka kwenye kiti. Ya sita, ya saba, na gitaa linazidi kwenda mbio na yeye hafanyi chochote, mkono unatembea tu. Dakika ya nane akageuka akanitazama, akacheka, meno yote nje. Nililia, sioni haya kusema. Danieli akanifuata nje akaniambia, "Mama Bibiana, nisamehe. Solo ni Zabron. Kijana wa kinanda nitampigia simu asije." Nikamwambia nilishakusamehe tangu Pasaka, na huo ulikuwa uongo.

Ilikuwa Jumatano kabla ya Jumamosi ya studio. Saa tatu asubuhi. Nilikuwa namalizia kola za sare mpya, zile tulizotaka kupigia picha Kilosa. Akaja Hezekia, wanakata naye mstari mmoja, ana masizi usoni, na masizi yale yana michirizi. Hakunipa shikamoo. Hezekia, mtoto aliyelelewa vizuri, asinipe shikamoo! Nikasimama.

"Mama, Zabron kajikata."

"Wapi?"

"Mkono."

"Upi?" Akawa haelewi. Nikampigia kelele, "Upi, Hezekia?"

"Wa kulia."

Ukilielewa panga la miwa utaelewa, na mimi nilikuwa silielewi, nililiona kwa mbali tu kama watu wote. Mkono wenye panga ndio unaopiga, ule mwingine ndio unaoukumbatia muwa. Ule mwingine ndio unaokaa mbele ya makali. Misimu kumi na moja wa kushoto ulikaa pale, na wa kulia ulikuwa unajua kwa kipimo cha unywele mahali wa kushoto ulipo. Mimi nikaugeuza. Nikauchukua mkono niliotaka kuulinda, nikauweka mbele ya panga, na panga nikalipa mkono usiojua kitu. Kulikuwa na umande asubuhi ile, Hezekia anasema, muwa uliteleza, akarudia pigo kabla hajauona vizuri. Wanasema mdomo uliponza kichwa. Wangu haukuponza kichwa changu, uliponza mkono wa mtoto wa dada yangu.

Hospitalini walifanya walichoweza. Kidole gumba kimekatika kwenye kiungo cha juu. Cha shahada wamekishona, kipo, lakini hakikunjiki, kimenyooka tu. Hivyo viwili ndivyo vinavyoshika kile kipande. Daktari alikuwa kijana mpole, akasema tumshukuru Mungu mkono umepona na atafanya nao kazi. Magreti aliniangalia. Hakusema habari ya samaki. Afadhali angesema.

Jumamosi kwaya ilikwenda Kilosa. Danieli alimpigia tena yule kijana wa kinanda, akakubali bila maringo. Mnataka kujua kama nilikwenda? Nilikwenda. Watu arobaini wamejiandaa mwaka mzima, ningewaambiaje. Tukaimba nyimbo zote nane, na kila maneno yalipoisha, kijana akabonyeza. Sebene ikatoka safi, sauti zote zimepangana, dakika saba, dakika nane, angeweza kuiacha mpaka Jumapili. Vijana wakacheza. Mimi nilisimama mbele nikihesabu kwa mkono kama kawaida, na nilikuwa namchukia kila mtu mle ndani, nikianza na mimi mwenyewe.

Wiki mbili nikashindwa kwenda kwake. Natuma unga, natuma sukari, mwenyewe siendi. Mwisho nikaenda. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa nayataka, nimeshayasikia yote kichwani kwa sauti yake. Nikamkuta amekaa nje kwenye kigoda, mkono umefungwa bandeji.

"Shikamoo mama mdogo. Karibu. Magreti, mletee mama kiti."

"Sitaki kiti. Zabron, ni mimi. Mimi ndiye niliyekuambia uhamishe panga. Mke wako alikataza, nikamnyamazisha. Sema unachotaka kusema."

Kuku wakapita. Akasema, "Unakumbuka siku ya Mavuno?"

"Nakumbuka."

"Mimi tangu nipo mtoto nikipiga mbio naumia. Nilidhani ndivyo ilivyo, kwamba kila mtu anaumia, wenzangu wanavumilia tu. Siku ile haukuuma. Dakika nane zote haukuuma hata kidogo." Akaniangalia. "Bila wewe nisingejua. Asante, mama mdogo."

Nikakaa chini pale pale, kwenye vumbi, na kanga yangu safi. Nilitaka anitukane, mwenzangu. Tusi ningelijua pa kuliweka.

Gitaa lake la mbao amelipeleka Vidunda kwa mama yake, liko ukutani. Kwaya bado naifundisha, na kijana wa kinanda sasa anakuja kila mwezi. Zabron alirudi shambani msimu uliofuata. Wa kulia unaukumbatia muwa kwa kiganja na vidole vitatu, na panga liko kushoto. Ninapomwona anapita alfajiri na wenzake natoka mlangoni, ananiamkia, naitikia marahaba, tunaulizana watoto, anasema wazima. Juzi Hezekia alileta suruali kushonwa, akaniambia, "Mama, yule Zabron sasa hakamatiki! Kwa ule mkono wa kushoto hakuna anayemfikia, anakuwa wa kwanza kumaliza mstari kila siku." Alidhani ananiletea habari njema.